Sita Waliosimama Mlangoni

Enzi zile barua yenye muhuri ilipokuwa bado na heshima yake, mji mzima wa Singida haukuwa na vidole vilivyoijua taipureta kama vya Anastazia Mughwai. Hakulisema yeye. Lilisemwa na makarani wa ofisi tatu tofauti, watu wasio na desturi ya kumsifu mtu bure. Aliweza kupiga barua ya kurasa mbili huku akimjibu mtu aliyesimama dirishani, na barua ikatoka haina kosa hata la nukta. Alizaliwa Ihanja, binti wa mkulima wa uwele na alizeti. Alisomea uhazili Tabora, na mwaka 1978 akarudi na cheti na viatu vya kisigino, akapangiwa kazi katika chumba cha taipu cha shirika moja la umma la mazao.

Chumba kile kilikuwa na meza sita na wanawake sita. Wote wakianza kazi kwa pamoja, mtu wa nje angedhani mvua ya mawe inapiga bati. Mkuu wao alikuwa Bi Scholastika wa Kilimatinde, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Hakuwahi kupaza sauti. Ukikosea, aliirudisha karatasi mezani kwako taratibu, kifudifudi, ili wenzako wasione. Miaka kumi na saba Anastazia alifanya kazi kushoto kwake.

Kisha soko likawa huria, na mashirika yakaanza kufa moja baada ya jingine kama kuku wakati wa kideri. Mwaka 1995 ikasikika kwamba na lao litauzwa. Wale sita wakakaa kikao, wakakubaliana mtu aende kuwauliza wakubwa. Aende nani? Halikuwa swali. Mkubwa hutangulia. Wakamtanguliza Scholastika, akaenda peke yake na miwani yake ya uzi, akauliza aliyotumwa kuuliza. Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipobandikwa, jina lake lilikuwa la kwanza, kwa kuwa uso wake ndio uliokuwa umeonekana. Majina ya wengine yalifuata chini yake.

Siku ya mwisho mlinzi aliwaambia wasubiri barua zao mlangoni. Walisimama pale tangu saa nne asubuhi hadi jioni, wote sita, na vikapu vyao vya chakula. Barua zilipotoka kila mmoja alichukua yake akaondoka upande wake. Hakuna aliyemsindikiza mwenzake. Scholastika alirudi Kilimatinde, na mwaka uliofuata Anastazia alipata habari za kifo chake wiki mbili baada ya mazishi.

Hakulia sana. Alikuwa na watoto wa kusomesha. Alibeba taipureta yake mwenyewe, akaenda kukaa kibarazani kwa Abdulmajidi, mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi. Abdulmajidi, ambaye babu yake alitoka Pwani na bibi yake alikuwa Mnyaturu, alikuwa mtu wa kelele nyingi na roho nyeupe. Alimwangalia siku moja tu akipiga taipu barua za watu, kesho yake akamwingiza ndani, akampa meza.

Ikawa hivyo kwa miaka minne, mpaka Jumatatu moja ya Machi 1999, Abdulmajidi aliporudi kutoka Dar es Salaam na maboksi mawili yaliyofungwa kwa blanketi.

"Dada Nasta!" alipiga kelele kabla hajashuka kwenye gari. "Taipureta yako imepata mke mwenza!"

Ilikuwa kompyuta, ya mkono wa pili, iliyokwishatumika nchi ambayo hata muuzaji hakuijua vizuri. Waliiweka mezani, wakaichomeka, ikanguruma kama jiwe la kusagia, kisha kioo kikawaka. Abdulmajidi alipiga makofi. Halafu mikono ikabaki hewani, kwa sababu hakujua kinachofuata.

"Kuna fundi Dodoma, anaitwa Noel," alisema. "Atakuja Jumamosi. Atafuta takataka zote za mwenyewe wa kwanza, aweke programu yetu ya kuandikia. Ataiosha kama sufuria. Wewe mpaka siku hiyo izoee tu. Mshike huyo mausi, mwendeshe. Usiogope."

"Siogopi," alisema Anastazia, na alikuwa akiogopa sana.

Saa saba mchana Abdulmajidi alifunga nusu ya mlango, akaenda kuswali na kula, kama kila siku. Anastazia alibaki na saa yake moja. Alishika mausi, akamwendesha, akabonyeza picha ndogo ya ngao iliyokuwa pembeni ya kioo. Kioo kikawa cheusi. Kisha yakajitokeza maandishi ya Kiingereza, na chini yake mstari mmoja: jina la mtu asiyemjua, na tarehe ya mwaka 1994. Alibonyeza hapo.

Akaona pango. Ndani ya pango palikuwa na mlango mkubwa wa mawe, na mbele ya mlango wamesimama watu sita, wadogo kama punje za mahindi, wamepangana mstari mmoja. Hawakwenda mbele wala nyuma. Walitikisika kidogo tu pale walipo, kama watu wanaopumua. Walikuwa wamesimama hivyo kwa miaka mitano.

Anastazia aliondoa mkono kwenye mausi. Halafu akafungua droo, akatoa kamusi yake ya Tabora, iliyokwisha jalada.

Kabla saa haijaisha alikuwa ameshajua habari yao. Mji wao ulikuwa na kengele, na kengele ile ndiyo iliyokuwa ikiwaambia watu kwamba kumekucha. Iliibwa. Tangu hapo watu wa mji ule walilala tu. Sita hawa ndio waliotumwa kuirudisha, na kengele ilikuwa nyuma ya mlango huu. Aliyecheza gemu hili mwanzo, yeyote yule, aliwatembeza njia yote ile ya mbali, akawafikisha hapa, akawaacha. Labda alichoka. Labda aliuza mashine kwa shida. Jumamosi Noel angekuja kuwafuta.

"Hapana," alisema Anastazia peke yake dukani, kwa Kinyaturu. Kisha akarudia kwa Kiswahili, kana kwamba mashine isingeelewa. "Hapana. Hawa watafika kwao."

Mkewe Abdulmajidi, Swaumu, alikuwa na kawaida ya kumletea Anastazia chakula dukani. Kwao Swaumu ni Kiomboi, Mnyiramba, na yeye na Anastazia walitaniana tangu siku ya kwanza. Jumanne aliingia na bakuli la mlenda na ugali, akamkuta ameinamia kioo.

"Mnyaturu leo umepotelea kwenye sanduku?"

"Njoo uone. Hawa ni wasafiri. Huyu binti ana ngao. Huyu mfupi ana shoka. Huyu ana upinde. Huyu mama anatibu. Huyu mzee wa ndevu..." alifunua kamusi, "...inasema mchawi."

"Mchawi! Na wanatembea naye?"

"Ni mchawi wao, kwa wema."

"Basi huyo ni mganga. Kamusi yako haina adabu. Na huyo mwembamba?"

"Mwizi."

Swaumu aliweka bakuli chini akacheka mpaka akashika meza. "Mwizi ndani ya duka la Abdulmajidi! Akisikia ataita polisi."

Anastazia alimweleza jinsi mambo yalivyokwenda. Ukigusa mlango, mawe yake yanainuka na kuwa jitu, jitu kama yale majabali ya Singida lau yangepata miguu. Na vita vyake havina fujo. Kila mtu ana zamu. Wako watano wanapiga, kila mmoja kwa zamu yake na kwa uamuzi wako, kisha jitu linapiga, kisha mzee, halafu mnaanza upya. Na hakuna anayekuharakisha. Ukitaka kufikiri mpaka chakula kipoe, jitu lenyewe linasubiri limeinua mkono. Hilo ndilo lililomwingia moyoni. Miaka ile kila kitu kilikuwa na haraka, mashirika yalifungwa kati ya asubuhi na mchana. Hapa, adui mwenyewe alikungoja uamue.

"Sasa shida iko wapi?" aliuliza Swaumu.

"Mzee anakufa."

Alikuwa amekufa Jumatatu, katika duru ya kwanza. Na Anastazia alijiona ametenda haki kabisa. Maana alipowakuta, msichana wa ngao alikuwa mbele na mzee alikuwa nyuma kabisa, nyuma hata ya mwizi. Aibu ilimshika. "Huyu aliyewapanga hakuwa na wazazi?" alijiuliza, na kabla ya jambo lolote akamtoa mzee mkiani, akamweka mbele mahali pa heshima, na binti akamrudisha nyuma kama inavyopasa. Jitu likanyanyua mkono, likampiga aliye mbele. Mzee akaanguka na fimbo yake. Mzee alipoanguka wengine hawakudumu, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na maneno ya kulivunja jitu, maneno matatu, neno moja kwa kila zamu.

Bahati nzuri, ukishindwa uliweza kurudi pale pale mlangoni. Jumanne alijaribu kumpa mzee ngao, mzee hakuweza kuibeba. Jumatano mama mganga alitumia dawa zote sita kwa mzee huyo mmoja, akafika neno la pili, akafa. Alhamisi umeme ulikatika kabla ya neno la kwanza, na Anastazia alikaa mbele ya kioo cheusi saa nzima akiuona uso wake mwenyewe.

"Leo mzee wako kafa mara ngapi?" aliuliza Swaumu alipoleta chakula.

"Usinitanie leo, wifi."

Swaumu alimtazama vizuri. Alivuta kiti akakaa karibu naye, na wakala pamoja.

Ijumaa Anastazia aliamka alfajiri. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki ile, na majani kando ya njia ya miguu kutoka kwake hadi barabarani yalimfika magotini. Alitembea akiwaza lile jitu. Alipofika dukani Swaumu alikuwa amekwisha kufika, ameleta chai, akamtazama chini.

"Wewe umefua sketi ukiwa ndani yake?"

"Umande," alisema Anastazia. "Mimi ndiye niliyepita wa kwanza, nimewakaushia wote wa nyuma."

Akabaki amesimama, kikombe mkononi.

Babu yake alimrudia akilini, mzee Mughwai, ambaye jina lake lilirithiwa na baba yake Anastazia. Alimwona kama alivyokuwa siku zile walipokwenda mnadani Sepuka, asubuhi ya masika kama hii, wao wajukuu na yeye. Kila mara babu aliwatuma watangulie. Aliyekuwa na nguvu kuliko wote alipewa fimbo apige majani, aondoe umande. Babu alitembea nyuma kabisa, kanzu yake kavu. Na hakuna aliyedhani amedharauliwa. Siku moja Anastazia, mtoto wa miaka tisa na adabu za kanisani, alisimama pembeni amwachie apite. Babu alimcheka. "Mimi nikitangulia," alisema, "nani atawaona ninyi nyote?"

Adabu ya kukaa na adabu ya njia si adabu moja. Ndani ya nyumba mkubwa hutangulia: hupewa kiti, hupewa maji ya kunawa, husalimiwa kwanza. Njiani anayetangulia ni anayeweza kulowa. Alikuwa ameyajua hayo maisha yake yote, akayasahau mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wiki hii. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1995, pale wanawake watano wenye nguvu, mdogo wao ana miaka ishirini na sita, walipomsukuma mbele mama wa miaka hamsini na minne mwenye miwani ya uzi, wakaiita heshima.

"Nasta? Unaumwa?"

"Siumwi," alisema, akaweka kikombe chini. "Leo Ijumaa. Bwana wako atakaa msikitini muda mrefu?"

"Ijumaa? Huko na maneno ya barazani baadaye, si chini ya saa moja na nusu."

"Basi uje unishikie kamusi."

Saa sita na nusu Abdulmajidi aliondoka na kofia yake nyeupe. Wanawake wawili walikaa mbele ya kioo. Jambo la kwanza Anastazia alilofanya ni kumrudisha mzee nyuma, mahali pale pale alipomkuta Jumatatu. Yule mtu asiyemjua, wa mwaka 1994, alikuwa na wazazi. Alimwomba radhi kimoyomoyo. Binti wa ngao alimweka mbele.

Duru ya kwanza. Mfupi alipiga shoka. Mpiga upinde aliachia mshale. Mwizi alirusha mchanga kwenye macho ya jitu, Swaumu akasema, "Ameanza." Jitu likashusha mkono, binti akalipokea pigo kwa ngao, akayumba, hakuanguka. Jitu likashusha mkono, binti akalipokea pigo kwa ngao, akayumba, hakuanguka.

Duru ya pili. Safari hii jitu lilipiga mara mbili, na uhai wa binti ukabaki kijistari chekundu chembamba kama uzi, ndipo mzee akatamka neno la pili. Taa ya dukani ikafifia. Wote wawili walitazama juu. Ikarudi.

Duru ya tatu ilikuja na swali. Mama mganga alikuwa amekwisha kumpa binti dawa tano, amebakiwa na moja, nayo haikutosha kumfanya binti alihimili pigo jingine. Na zamu ya mzee ilikuja mwisho, baada ya jitu. Mtu mmoja zaidi alihitajika kulowa.

Anastazia aliondoa mkono kwenye mausi, akaukunja mapajani. Jitu lilisubiri limeinua mkono.

"Mweke huyo mwizi mbele!"

Wote wawili walishtuka. Abdulmajidi alikuwa amesimama nyuma yao, kofia kichwani, viatu mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Mwizi?" alisema Swaumu. "Wewe? Umtetee mwizi?"

"Mimi mfanyabiashara, mke wangu, nawajua. Mwizi hapigwi kirahisi, anakwepa! Ni zamu ya nani sasa?"

"Ya mama mganga, kisha yake," alisema Anastazia.

"Basi mpeleke!"

Lakini Anastazia hakuharakishwa. Alitumia kwanza zamu ya mama mganga, akampa binti ile dawa ya mwisho, kwa sababu mtu aliyekulowea humwachi hivi hivi. Kisha akamtoa binti kando, na mwizi akapanda mbele. Jitu likashusha mkono. Mwizi akainama, pigo likapita juu ya kichwa chake likapasua ukuta. Na kule nyuma, ndevu zake kavu, mzee akatamka neno la tatu.

Jitu lilisimama kidogo kama linalokumbuka jambo. Kisha likamwagika chini, likawa kokoto.

Abdulmajidi alirusha kiatu kimoja juu kikagonga rafu ya madaftari. Swaumu alipiga kigelegele, mpaka mtu wa duka la jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Anastazia aliwapitisha sita wote mlangoni, mmoja mmoja, akihakikisha hakuna aliyebaki. Waliichukua kengele. Aliwarudisha njia yote, na alipowafikisha mjini kwao, kengele ikalia kwa sauti nyembamba ya ile mashine. Madirisha yakafunguka, na watu wakatoka nje wakijinyoosha.

Abdulmajidi alivaa viatu vyake. "Dada Nasta," alisema, safari hii bila kelele, "ulijifunza lini kuendesha mausi hivyo?"

Anastazia alitazama mkono wake. Hakuwa ameuwaza mkono tangu Jumanne.

Jumamosi Noel alishuka kwenye basi la Dodoma na begi la disketi. Alikuwa kijana mrefu, msomi, aliyesema "Shikamoo mama" huku macho yakiwa tayari kwenye mashine. Aliketi, akapekua, ghafla akasimamisha vidole.

"Hili gemu! Lilikuwepo chuoni kwetu." Akabonyeza, akatazama tarehe, ile ya jana. Akageuka akamtazama Abdulmajidi. "Mzee, nani kalimaliza hili?"

Abdulmajidi alivuta pumzi kama mtu anayetaka kutangaza mnada, akaonyesha kwa kidevu meza ya pembeni.

"Mama?" Noel alisimama kabisa. "Sisi mwaka wa pili tulikwama pale mlangoni muhula mzima. Darasa zima! Ulipitaje?"

"Ninyi mlimweka nani mbele?"

"Yule mwenye nguvu kuliko wote. Yule mzee."

Anastazia alitabasamu, tabasamu dogo, la pembeni. "Mlimpenda," alisema. "Hata mimi. Lakini umande huondolewa na vijana."

Noel alirudia maneno yale polepole, kama anayeyahifadhi. Kisha akarudi mezani, akasita, mkono juu ya vitufe. "Sasa niliache, mama? Naweza kuliacha pembeni, programu ya kuandikia ikaingia bila shida."

Lilikuwa duka la Abdulmajidi, lakini alimngoja Anastazia aseme.

Anastazia alitazama kioo. Watu sita walisimama katika uwanja wa mji wao, wakipumua, na mzee alikuwa mbele ya wote. Alikuwa amempanga hapo yeye mwenyewe jana kabla ya kuzima, maana sasa walikuwa nyumbani.

"Futa," alisema. "Wameshafika."

Programu mpya ilipoingia, Noel alitaka mtu aijaribu. Anastazia alivuta kiti. Vidole vilikaa mahali pake kama ndege watuao kwenye waya, na chumba kikajaa mvua nyepesi. Aliandika mstari mmoja tu: Scholastika, Kilimatinde, Mkuu wa Chumba cha Taipu. Alisoma tena, akaangalia nukta. Haukuwa na kosa.